Pipa la Chini ya Jiwe Jeupe

8 Juni

Hakupiga hodi kwangu, ndiyo nakwambia. Alipita. Andika hivyo hivyo, Nevenka, "alipita", usiniwekee maneno ya ofisini. Mimi nimesimama gatini tangu saa mbili asubuhi na kibao changu cha vyumba, kile alichonichorea marehemu mume wangu Dinko. Kusoma sijui, lakini juu na chini napajua kwa lile doa la rangi. Nimesimama na jua lote lile, meli inashusha watu, natafuta kofia moja tu. Miaka ishirini na moja naisubiri kofia ile gatini. Kumbe bwana kashukia upande wa pili wa kisiwa, kaja na basi. Narudi na kibao kwapani, naingia uani, nani kakaa chini ya mtini anakunywa kahawa? Radim. Na kahawa ya nani? Ya Luce.

Marita, mwanangu, wewe uliye huko Australia ndiye uliyetaka niseme mambo yangu ya kila siku na Nevenka wa posta ayaandike, kwa sababu kwenye simu ama nalia ama nagomba. Haya, soma. Mama yako kaachwa na mgeni wake.

Radim unamkumbuka, dereva wa tramu wa Brno, na mkewe Marketa aliyekuwa anakuja na gunia la viazi kana kwamba sisi huku tunakula mawe. Marketa kafa wakati wa baridi. Barua ilikuja, Nevenka kanisomea, nikalia siku tatu. Nikasema, mzee wa watu atakuja peke yake, atataka mtu wa kumwangalia. Nikapaka chumba rangi mimi mwenyewe, na magoti haya. Nikashona pazia jipya. Na yeye kapita mlango wa bluu, ambao ni wangu, kaenda hatua sita mbele, kaingia mlango wa kijani.

Mimi na Luce tuliolewa na ndugu wawili. Nyumba moja iliyokatwa ukuta katikati, ua mmoja, kisima kimoja cha maji ya mvua, ghala moja la chini. Waume wamekufa wote wawili. Ukuta haujafa.

9 Juni

Sikutoka nje.

10 Juni

Nilitoka kuchota maji. Kanisalimia, kavua kofia. Anaongea lugha yetu kama mtu mwenye nati mdomoni, lakini adabu anayo. Nikamwambia chumba chako kipo, nimekipaka rangi. Akasema anajua, asante sana, Mama Jerka. Asante. Nikimuuliza mtu kama anataka supu akaniambia asante, nimpe au nisimpe?

Luce alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua uso. Macho yake siku hizi mabovu, anachambua kwa vidole, jiwe moja linabaki kwenye maharage, jingine linatupwa. Sikumwambia.

14 Juni

Ukuta wetu mwembamba. Mchana wanakula, nasikia vijiko. Leo amecheka. Mtu kafiwa Januari, Juni anacheka. Na Luce hana hata maneno ya kuchekesha, tangu ujana wake alikuwa mkavu kama mkate wa meli. Kuchekesha nachekesha mimi! Marketa alikuwa anashika mbavu hapa kwangu, anasema Jerka basi, nitakufa. Mungu amrehemu.

Sasa nitakwambia jambo, na hili si la leo. Ni la jiwe. Samaki wetu wa chumvi tunawapanga kwenye pipa, sardini mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule, chumvi, tena sardini, tena chumvi, mpaka juu. Juu mfuniko wa mbao, juu ya mfuniko jiwe. Jiwe ndilo linalokandamiza mpaka maji ya chumvi yapande. Na jiwe halinunuliwi. Ni la nyumba, linatoka kwa mama mkwe linakwenda kwa mkamwana. Mama mkwe wetu alikuwa na mawili. Jeupe, la mviringo kama mkate, limelainika kama shavu la mtoto, lililotolewa chini ya bahari kwenye ghuba ya kanisa. Na la kijivu. La kijivu ni jiwe tu.

Luce aliolewa miezi minne kabla yangu. Kapewa jeupe. Miezi minne! Mimi ndiye niliyemwosha yule bibi alipolala kitandani miaka miwili. Mimi. Na pipa hatulijui kwa kitu kingine, mapipa yote yanafanana. Tunasema pipa la jeupe, pipa la kijivu. Majirani nao wanasema hivyo hivyo: "Mwaka huu la jeupe limetoka tamu." Miaka hamsini na minne naisikia.

15 Juni

Joto. Kaenda kuogelea. Taulo kaazima kwa nani, unadhani?

22 Juni

Jugo siku ya tatu. Hewa ni kama kitambaa kibichi usoni, viungo vinauma, kila mtu kijijini ana kinyongo na hajui na nani. Huu upepo ukivuma bahari inavimba, na safari hii imeingia mpaka ghalani, maji ya kifundo cha mguu. Nilisikia mshindo, nikatoka. Radim alikuwa ndani, suruali kakunja, anatoa maji kwa ndoo. Nikamwambia, Bwana Radim, wewe ni mgeni, acha. Akasema yeye alikuwa anatoa theluji kwenye reli usiku na mchana, haya maji ya vuguvugu ni starehe. Kainua mapipa yote mawili kwenye mbao, langu na la Luce, karudisha kila kitu juu ya kikavu. Mtu ana miaka sabini na tano, mgongo umenyooka kama mlingoti.

Alipomaliza akanywa rakija, ile pombe yetu kali, kwa Luce. Mimi nilikuwa nimeshamimina kikombe chake. Nikakinywa mwenyewe.

2 Julai

Wageni wawili Wajerumani, usiku mmoja. Wamepiga picha mlango wangu, bakuli langu la ndimu, na mimi. Wamesema kijiji kizuri. Kizuri, ndiyo. Hawakai na Luce.

11 Julai

Kaa vizuri, Nevenka, hili ni refu.

Radim haondoki. Yaani harudi Brno vuli hii. Kaniambia leo kisimani, peke yetu, Luce kaenda kanisani. Anasema nyumba yake kule kila kiti kina nafasi ya Marketa, watoto wana maisha yao. Anataka kukaa baridi hapa Lučina, aone bahari bila wageni. Nikamuuliza atakaa wapi, na moyo wangu, mwanangu, ulikuwa unapiga kama injini ya boti. Akasema hajaamua. Atasema Siku ya Mtakatifu Roko, tarehe kumi na sita Agosti, kwa sababu ndiyo siku waliyofika hapa mara ya kwanza, yeye na Marketa, wakapewa mkate na sardini na watu wasiowajua.

Nani aliwapa? Mimi niliwapa! Luce alikuwa kasimama nyuma yangu na ule mdomo wake.

Usinitazame hivyo, Nevenka. Si mambo ya harusi, nina miaka sabini na nane. Nataka tu mtu wa upande wa pili wa meza. Baridi hapa ni miezi mitano, na unajua mlango unagongwa mara ngapi? Wewe, na upepo.

Halafu nimefikiri. Siku ya Roko mapipa ya kwanza yanafunguliwa mbele ya majirani, kila ua. Mwanamume haamui kwa macho, anaamua kwa mdomo. Mwaka huu nimetia chumvi vizuri kuliko miaka yote, mikono yangu inajua. Luce kapanga samaki bila kuona.

Lakini ana lile jiwe.

12 Julai

Wamekwenda pamoja kwenye mitini ya juu. Kambebea kikapu.

19 Julai

Nimepika mkate wa sardini na kitunguu, ule anaoupenda. Nikampelekea ukiwa moto. Akafurahi, akaukata vipande viwili, kimoja akampa Luce. Luce akala, akasema, "Chumvi kidogo imepungua, Jerka, lakini umeiva." Lakini umeiva! Nikarudi kwangu nikakaa kwenye kile chumba nilichokipaka rangi. Kizuri mno. Nikalivuta lile pazia, nikalifungua, nikalivuta.

24 Julai

Jugo tena. Siku ya nne.

Nevenka, weka kalamu chini kwanza, uniapie. Wewe ni mtu wa posta. Barua ya mtu na siri ya mtu ni kitu kimoja, sivyo? Sawa. Ishike tena. Na ukurasa huu usimpelekee Marita.

Nilishuka ghalani adhuhuri, wakati wote wamelala. Nikasimama mbele ya jiwe jeupe. Lilikuwa linameremeta pale gizani kama limepakwa mafuta. Mapipa yalikuwa yamebadilishana kuta tangu siku ya maji, Radim aliyaweka anavyojua yeye, lakini jiwe ni jiwe. Nikalisukuma pembeni, nilidhani mgongo utakatika. Nikainua mfuniko. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda mekundu mazuri, mafuta juu, harufu ile ya pipa zima, inayokufanya umeze mate. Yakanichoma zaidi. Nikayateka kwa kata, kata kumi na mbili, nikamwaga kwenye mfereji. Nikatia maji ya kisimani, matamu, ndoo nzima. Nikarudisha mfuniko. Nikarudisha jiwe.

Maji matamu ndiyo sumu ya pipa. Mtoto mdogo wa Lučina analijua hilo.

Wazee walikuwa wanasema kosa la siku za jugo halihesabiwi, hata mahakimu wa zamani walikuwa wanasamehe nusu. Wamekufa wote, hakuna wa kumuuliza nusu ipi.

25 Julai

Upepo umegeuka. Hewa safi. Sijala.

5 Agosti

Wageni wamejaa mpaka nguo zao za kuogea zinaning'inia kwenye msalaba wa gati. Padri kalalamika. Luce kaniuliza leo uani kama nasikia harufu yoyote ghalani. Nikasema panya. Akasema, "Haya, wewe una pua, mimi sina tena kitu." Akaenda akipapasa ukuta. Miaka hamsini na minne sijawahi kumsikia Luce akisema hana kitu.

13 Agosti

Nilitaka kushuka ghalani. Sikushuka.

17 Agosti

Jana sikuweza kusema. Leo nitasema yote, usinikatize.

Majirani walikuja uani baada ya misa, na padri Don Bare, na wageni watano sita nyuma yao na simu zao. Radim na mwana wa mwokaji waliyapandisha mapipa, wakayaweka chini ya mtini. Desturi, jeupe linaanza. Luce kavaa shati lake la harusi ya mwanawe, kapaka nywele maji. Mkono mmoja juu ya jiwe, kama mtu anayemshika mtoto kichwani. Wakaliondoa. Wakafungua.

Watu walirudi nyuma kabla mfuniko haujafika chini. Ile harufu sitaisema. Mgeni mmoja alikimbia na kiganja mdomoni. Samaki walikuwa wamekuwa uji. Na unajua watu wetu walivyo, hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, walitazama viatu vyao. Luce alitia kidole, akanusa, akakipangusa kwenye aproni. Polepole, mara mbili. Akasema, "Chumvi sikuiona. Nilidhani nimetia, kumbe sikuiona. Ni macho yangu." Basi. Hakutafuta mchawi.

Mimi nilikuwa nasubiri furaha. Nakwambia kweli, nilikuwa naisubiri kama meli. Haikushuka.

Wakafungua la kijivu. Likatoka pipa ambalo sijaona maishani. Nyama nyekundu, imara, mafuta yanang'aa. Don Bare kala watatu bila mkate. Mke wa mwokaji akasema kwa sauti, "Leo la kijivu limelipiku la jeupe, Shangazi Jerka, baada ya miaka hamsini na ngapi?" Wakanipigia makofi. Nami nikachukua sardini mmoja, nikampasua, nikamtia mdomoni.

Shamari.

Mbegu za shamari. Mimi sitii shamari, sijawahi, Dinko alikuwa anazichukia. Luce anazitia, kila baada ya safu tatu, alifundishwa kwao. Nikasimama na samaki mdomoni, simmezi, simtemi. Nikamsogelea Radim, nikamuuliza kwa sauti ndogo: ile siku ya maji, ulipoinua mapipa, mawe uliyafanyaje? Akasema aliyatoa kwanza, yalikuwa na tope, akayaosha yote mawili baharini, akayarudisha.

"Ulijuaje lipi la pipa lipi?"

"Kwani yana mwenyewe, Mama Jerka?" akasema. "Jiwe si jiwe?"

Umeelewa, Nevenka? Niliharibu langu. Kata kumi na mbili nilizomwaga zilikuwa zangu, na makofi niliyopigiwa yalikuwa ya Luce. Na nilinyamaza. Nilimmeza yule samaki, nikasema asanteni.

Halafu Radim akagonga glasi. Akasema anakaa Lučina baridi hii, mlango wa kijani, kwa Bibi Luce, kama bado anamtaka. Na akaniinamia mimi: "Na sardini tutawaomba kwa Mama Jerka." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Meno yangu yalikuwa na shamari.

18 Agosti

Sikutoka nje.

20 Agosti

Leo nimegombana na Nevenka, na ayaandike maneno yangu na ya kwake, kwa haki.

Nilikuwa nasema kwa nini, kwa nini yule bwana kachagua kule, mimi niliyempa mkate wa kwanza, mimi niliyepaka rangi, nasema nasema. Nevenka kaweka kalamu chini, akaniambia, "Shangazi, Januari ilipokuja barua ya msiba, ulimjibu?"

Nikasema nililia siku tatu.

"Ulilia, ndiyo. Ulimjibu?"

Nitamjibuje, mimi sijui kuandika! Na nilidhani anajua. Miaka ishirini na moja, mtu hajui kama ninalia?

Akasema Luce alikwenda posta kesho yake, kwenye upepo wa bura ule uliong'oa mabati, anapapasa kuta njia nzima. Akasimama mbele ya kaunta, akamwambia, andika. Ukurasa mmoja. Akatia tawi la rozmari. Mwezi wa pili akaenda tena. Mwezi wa tatu tena. Na mwisho akamwambia Radim aje tu, mlango upo.

"Na wewe ndiye uliyeandika," nikamwambia. "Msimu mzima unakaa hapa jikoni kwangu, unakula biskuti zangu, unajua."

"Barua ya mtu ni siri, Shangazi. Wewe mwenyewe umesema. Na kwangu hukuja kuniambia niandike."

Nikamfukuza. Kisha nikamwita arudi, aandike hili. Wivu wangu sasa hauna hata pa kukaa. Nilikuwa namwonea Luce kwa jiwe, kwa bahati, kwa miezi minne. Kumbe alitoka tu nyumbani kwenye upepo.

Mkavu kama mkate wa meli. Barua tatu!

23 Agosti

Majirani wananiomba sardini. Nawagawia. Kila sahani najiona mwizi anayegawa sadaka.

26 Agosti

Tonči, mwana wa Luce, kaja kutoka Split na gari. Nilisikia yote ukutani, sikuhitaji hata kusogeza kiti. Anasema mama, imetosha, umeharibu pipa, kesho utasahau jiko linawaka. Kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee, karibu naye, wana madaktari. Luce hakubisha. Luce! Aliyewahi kumrudisha padri mlangoni kwa sababu ya viatu vya tope. Alisema tu, "Kama hata chumvi siioni, kweli nakaa hapa kufanya nini." Tonči kasema atamchukua mwisho wa wiki. Radim naye ataondoka, amesema hawezi kukaa kwenye nyumba ya mtu aliyeondolewa.

Basi hayo ndiyo niliyoyataka. Ua mzima wangu. Kisima changu. Ukuta utakuwa kimya.

Nimekaa kitandani mpaka jua limezama, nausikiliza ukuta. Alikuwa anakunja nguo. Unasikia mtu akikunja nguo, Nevenka, kama umekaa naye miaka hamsini na minne.

27 Agosti

Jugo. Nikasema, la, siku ya jugo sitasema, wataniambia ni upepo.

28 Agosti

Kukakucha shwari, nikamkuta kisimani. Radim alikuwa kwenye ngazi anakwanyua tini, asikie au asisikie, shauri yake.

Nikamwambia, Luce, macho yako hayakukosa kitu. Chumvi ulitia. Pipa lililooza ni langu, mawe yalibadilishwa siku ya maji. Wale sardini aliowala padri ni wako. Hukuonja shamari? Akasema hakuonja, hakuweza kutia kitu mdomoni siku ile.

Kisha akauliza, "Na lako lilioza kwa nini? Wewe chumvi unaiona."

Hapo ndipo palikuwa padogo kupita, mwanangu. Ningeweza kusema joto. Ningeweza kusema maji ya bahari yaliingia. Nikamwambia, nilimwaga maji ya chumvi nikatia ya kisimani. Nilidhani ni lako.

Ngazi ilitulia. Luce aliitua ndoo. Nilidhani ataninyeshea yote. Akanitazama kwa yale macho yasiyoona, akanitazama vizuri kabisa.

"Miaka yote hii," akasema, "hata kuharibu hujajifunza."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa kijani. Baadaye nikamsikia kwenye simu, anamwambia Tonči asilete gari, na sauti ni ileile ya viatu vya tope.

29 Agosti

Luce hasemi nami.

30 Agosti

Nimefungua mlango nikajikwaa. Jiwe jeupe liko kizingitini kwangu. Kalibingirisha mwenyewe, au kamtuma Radim, sijui. Nikasimama mlangoni nikauliza ua, hii nini? Sauti ikatoka kwa ndani, kwake: "Si ndilo ulilolitaka? Lichukue."

Silichukui. Nimejaribu kulisogeza, safari hii mgongo umekataa. Naingia na kutoka nikiruka kama kuku.

31 Agosti

Liko palepale. Jua likilipiga linakuwa la moto, paka kalala juu yake.

2 Septemba

Wageni wamekwisha, feri inatoka nusu tupu. Mmoja wa mwisho, mwanamke mwenye kofia kubwa, kapiga picha lile jiwe mlangoni. Akauliza ni pambo? Nikamwambia ndiyo.

Radim kanisalimia, akavua kofia. Hakusema lolote kuhusu mapipa. Aliniambia tu Marketa alikuwa akisema kwamba mimi nikinyamaza ujue naumwa. Nikamwambia, basi naumwa. Nikamwambia pia kwamba nililia, wakati ule wa baridi, siku tatu, na sikuwa na mtu wa kuandika. Uongo, Nevenka, wewe ulikuwepo, nikajisahihisha pale pale: sikwenda. Akasema, "Sasa najua." Akaenda kwa Luce kula. Moyo ukanichoma. Bado unanichoma, usidhani nimekuwa mtakatifu. Leo wamekula ngisi.

4 Septemba

Bura ya kwanza, mbingu imepanguswa, unaona mpaka nyumba za bara. Boti zimerudi na sardini alfajiri, wadogo lakini wana mafuta, wa Septemba siku zote hivyo. Nilisikia Radim akipita na makreti mawili. Sasa nasikia kisu, wanakata vichwa uani, yeye na Luce, bega kwa bega, na pipa limeshasuguliwa. Moja tu. Lile lililooza bado limeinamishwa ukutani, halitatoka harufu kabla ya Krismasi. Mimi nimekaa hapa jikoni na wewe na hizi biskuti, na mlango wangu una jiwe.

Nilikuwa nataka kukueleza, Marita, kwamba mama mkwe siku moja kabla hajafa aliniambia

Ngoja. Umesikia?

Luce huyo, anasema, "Jerka! Umekufa huko? Samaki watapata jua. Lilete hilo jiwe."

Nimemwambia silibebi, zito. Anasema kwani nani kakwambia ulibebe peke yako, shika upande wako, nakuja. Haya, anakuja, sikia anavyopapasa ukuta. Hapana, Nevenka, wewe kaa, usisaidie. Na yule bwana asiguse jiwe lolote, mwambie. Funga daftari. Luce, polepole, kizingiti kiko hapo mbele, hapo, nipe mkono.